Neno Libaki

Mimi ni msahihishaji wa prufu. Watu wakisikia hivyo hudhani ni cheo, kumbe ni macho tu. Kabla kitabu hakijachapwa, kiwanda hutoa kurasa za majaribio, ndizo prufu, nami huzipitia na kalamu nyekundu nikisaka makosa. Ukurasa ukiwa safi naandika SAWA chini yake na saini fupi. Nikikosea mimi, wanakosea watoto wa shule elfu sita kwa siku moja.

Zamani tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mama mtu mzima ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Koma. Kazi hii ikifanywa inavyotakiwa ni ya watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti mswada wa mwandishi, mwingine anafuata kwenye prufu kwa kalamu. Anayesoma hutamka kila kitu, hata vituo. Basi Bi Koma alikuwa akisoma, “Mtoto alikula koma akanawa koma akalala nukta,” na wageni waliopita dirishani walidhani kuna mtu anakaripiwa humo ndani. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jicho hudanganywa, sikio ni gumu kudanganywa.

Bi Koma alistaafu. Mkuu wa kiwanda, ambaye sisi humwita Juzi kwa sababu ukimwuliza kazi inatakiwa lini hujibu “juzi”, aliniahidi mtu mwingine baada ya wiki mbili. Ukapita mwaka na miezi mitatu. Nilipokwenda kumkumbusha alinishika bega akaniambia, “Ng'ombe haelemewi na nundu yake.” Nikaitikia, nikatoka. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi nilipokumbuka kwamba nundu ya pili haikuwa yangu. Ilikuwa ya Bi Koma, anisamehe kwa kumfananisha, na Bi Koma alikuwa kwake anamwagilia maua.

Nikaanza kubeba kazi nyumbani. Meza ya chakula ikawa nusu yangu, kisha robo tatu. Taya liliniuma asubuhi kwa kusaga meno usingizini, na jicho la kushoto likawa linacheza lenyewe kama lina habari ya kunipa. Nilisahihisha maelezo ya chupa ya dawa ya kikohozi. Nilisahihisha orodha ya sokoni ya mke wangu, nikatia koma baada ya vitunguu, kisha nikasahau kununua vitunguu.

Na nilikuwa na kidole. Mtu akinisemesha nikiwa katikati ya mstari, niliinua kidole kimoja bila kuinua kichwa, maana yake subiri nimalize. Mimi nilijua kwamba kila nilipomaliza niligeuka na kuuliza, “Enhe, ulikuwa unasemaje?” Binti yetu wa miaka kumi na moja anasema sikuwahi kufanya hivyo hata mara moja. Hana sababu ya kunisingizia.

Jambo moja zaidi la kazi, kwa maana bila hilo mtu hawezi kunielewa, na hata akielewa sijui kama atanisamehe. Ukisoma peke yako kitu ulichokwisha kukisoma mara nyingi, maana inakubeba. Unaona neno unalolitarajia, hulioni lililoandikwa. Dawa yake ni kusoma kinyumenyume, kutoka neno la mwisho mpaka la kwanza. Hapo hakuna habari, kuna maneno tu. Kwa mwaka na miezi mitatu nilisoma hivyo: hadithi, mashairi, maelekezo ya mbolea. Nilikuwa nasoma kurasa arobaini kwa siku na sikujua hata moja ilisema nini.

Mwezi huo tulikuwa na kitabu cha lugha cha darasa la sita, *Soma Uelewe*. Mwandishi wake alikuwa mwalimu mstaafu asiyeridhika. Kila wiki alileta nyongeza alizoziandika kwa mkono, mara fumbo, mara methali, mara mfano mpya wa barua, nami nilizichomeka mahali pake, nikazisahihisha na kuzipeleka kwa mpanga kurasa azichape. Sura ya tisa ilikuwa ya barua za kirafiki.

Jumanne jioni nilikaa mezani na sura hiyo. Mke wangu ni mkunga, na siku hiyo alikuwa na zamu ya jioni. Katikati ya ukurasa wa mia na kumi na mbili na wa mia na kumi na tatu nilikuta karatasi ya mkono. Nikasema moyoni, huyu mwalimu huyu. Nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Mwandiko ulisomeka, makosa yalikuwa machache. Nilitia koma mbili. Kwenye mstari wa mwisho kasoro mmoja niliona “nisiende”, na kabla yake “Niende”. Huwa hivyo kwa wanaoandika kwa mkono: mtu anaandika neno, anabadili mawazo, anaandika jingine, anasahau kufuta. Nikakata “nisiende”. Nikaandika SAWA, nikatia saini, nikaendelea na ukurasa wa mia na kumi na tatu.

Asubuhi nilipotoka kuoga mke wangu alikuwa amesimama karibu na meza, furushi langu la kazi mbele yake. Alimimina chai.

“Nimeona jibu lako,” akasema.

Nilikuwa natafuta soksi. Siku mbili nyuma alikuwa ameniuliza kama fundi bomba aje Jumamosi.

“Mm,” nikasema.

“Umelifikiria vizuri?”

“Lipo sawa. Kwani lina ubaya gani?”

Akamfunga binti yetu kifungo cha juu cha shati la shule, ingawa binti yetu hujifunga mwenyewe tangu darasa la kwanza. Niliona hilo. Niliona pia kwamba saa moja na robo imefika, nikabeba furushi nikaondoka.

Alhamisi lilikuja jalada la *Soma Uelewe*, likahitajika juzi. Nilitia saini nimesimama. Hilo nitalirudia.

Ijumaa saa nne asubuhi mpanga kurasa aliingia chumbani kwangu na prufu ya pili ya sura ya tisa. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi. Alivuta kiti akaketi, jambo asilolifanya.

“Kaka, huyu mwalimu wako kumbe anajua ndoa,” akasema. “Barua yake hii imenitoa machozi, na mimi si mtu wa kulia kazini.”

“Barua ipi?”

“Ya mke na mume. Ila wewe umemharibia. Umekata ‘nisiende’. Nilipoona nikasema, huyu bwana ama hajaoa ama kaoa na hajui.”

Aliniwekea ukurasa mbele, akaniangalia nisome. Kwa kuwa alikuwa ananiangalia, niliona haya kusoma kinyumenyume. Nikaanzia juu, kama watu.

*Mume wangu,*

*Nimeanza kukuambia jambo hili mara tatu, na mara tatu umeniinulia kidole. Basi nakuandikia na kukuwekea mahali ambapo najua utatazama. Wananitaka nikaongoze wodi ya wazazi katika hospitali mpya, safari ya saa saba kwa basi, miaka miwili. Cheo nakipenda, sikufichi. Na nyumba yangu naipenda, na wewe ulikuwa mtu wa kuongea naye. Nikiwa peke yangu najibu moja, nikikuona umesinzia juu ya karatasi najibu jingine. Jibu linatakiwa Ijumaa. Niende? Nijibu wewe.*

*Mimi mkeo.*

Nilimwomba Sindano ile karatasi ya mkono. Alikuwa ameibana nyuma ya prufu. Niliigeuza: upande wa pili ilikuwa fomu ya kuandikia uzito wa watoto wachanga. Naujua mwandiko wa waandishi thelathini na wanne. Najua nani huandika herufi kubwa pasipo kustahili na nani hana subira ya kumalizia neno. Mwandiko wa mwanamke niliyeishi naye miaka kumi na mitano nilikuwa nimeutia saini bila kuutambua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na chini ya aibu ilikuwepo hofu, kwa sababu ilikuwa Ijumaa.

“Kaka,” Sindano akasema polepole, “usiniambie.”

Sikumwambia. Nilichukua kalamu nyekundu, kwenye prufu nikaifuta barua nzima. Katika kazi yetu, ukikata neno kwa makosa huliandiki upya. Unatia vidoti chini yake, na pembeni unaandika *libaki*, yaani neno hili lirudi mahali pake kana kwamba hukuligusa. Kwenye karatasi ya mkono nikatia vidoti vinne chini ya “nisiende”. Nikaandika *libaki*. Nikakunja karatasi nikaitia mfukoni mwa shati.

Juzi alikuwa mlangoni pa ukumbi wa mashine.

“Wapi saa hizi?”

“Hospitali.”

“Unaumwa?”

“Ndiyo.”

“Na sura ya tisa? Sura ya tisa ilitakiwa—”

“Juzi, najua,” nikamkatiza. “Hata mimi nilitakiwa nyumbani juzi.”

Sikumbuki kama niliomba ruhusa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja kuona mtaa wa kiwanda saa nne na nusu. Kulikuwa na watu wanaotembea taratibu mchana kweupe, na hakuna aliyekuwa amefukuzwa kazi.

Wodi ya wazazi ina korido ndefu yenye benchi moja. Nilimweleza muuguzi wa mlangoni mimi ni nani. Akaingia, na baada ya kidogo mke wangu akatokeza kichwa kwenye mlango wa ndani, kofia ya kijani, glavu mikononi. Nyuma yake mwanamke alikuwa anaguna kwa nguvu. Nikainuka na kufungua mdomo.

Aliinua kidole kimoja. Mlango ukafungwa.

Nilikaa. Sikuwa na karatasi yoyote isipokuwa ile ya mfukoni. Mwanzo nilisoma matangazo ya ukutani, nikakuta makosa saba, moja kubwa: “Wazazi wote wavuliwe viatu.” Nilitafuta kalamu, nikakumbuka nimeiacha. Saa tano ikapita, na sita. Simu ya Juzi iliita mara nne, nikaizima. Kukaa bila kufanya lolote kuliniumiza mgongo kuliko kazi, halafu polepole kukaacha kuniumiza. Nilijua sasa kuambiwa subiri kunakuwaje. Kabla ya saa nane kulikuwa na ukimya mfupi, kisha mtoto akalia, na mimi, ambaye si baba yake wala mjomba, nikajikuta namshukuru Mungu kwa sauti.

Mke wangu alitoka akijifuta mikono. Aliketi kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

“Wa kike,” akasema. “Kilo tatu na nusu. Wewe una nini?”

Nikampa karatasi. Aliitazama, akaona vidoti.

“Hii nini?”

Nikamweleza yote: mwalimu na nyongeza zake, kusoma kinyumenyume, Sindano, fundi bomba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwa fundi bomba akaanza kucheka. Alicheka mpaka muuguzi wa mlangoni akachungulia, na mimi nikacheka, nikaona mambo yamekwisha. Kisha akaacha.

“Kwa hiyo umenisoma kinyumenyume,” akasema.

“Nimekukosea.”

“Nilikuuliza mambo mawili, bwana, ukafuta moja. Niliona wino mwekundu. Nikasema, angalau safari hii kajibu. Usiku mzima nilikuwa macho nakutetea kwa nafsi yangu: labda anataka nipate cheo, labda ananionea fahari.” Akaweka kidole juu ya vidoti. “Na hapa sasa unasema nini? Neno libaki, au nibaki mimi?”

“Wewe,” nikasema. “Ubaki.”

“Nimeshasaini. Tangu saa tatu. Matroni hupeleka karatasi saa kumi.”

“Basi bado kuna saa mbili. Mwambie umebadili mawazo. Nakupenda, na nimekuwa mjinga.”

“Kunipenda najua. Sijawahi kukulalamikia kwa hilo.” Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. “Niambie kitu kimoja. Nikibaki, Jumatatu saa kumi na moja jioni utakuwa wapi?”

Jibu lilikuwa rahisi. Mtoto mdogo angelijibu. Lakini Jumatatu ilikuwa siku ya sura ya kumi, na ya kumi na moja, na jalada la kalenda, na kabla ya kusema nyumbani niliyaona yote yamepangana mezani, nikawa nahesabu ni lipi linaweza kungoja. Nilikawia muda wa kuvuta pumzi mbili. Yeye ameshika mapigo ya mioyo ya watoto kwa miaka ishirini. Anajua kuhesabu kimya.

“Basi naenda,” akasema, akanipigapiga goti kama anavyofanya kwa wanaongoja habari, akarudi ndani.

Aliondoka tarehe mosi. Binti yetu alibaki nami amalize mwaka wa shule. Masharti ya mke wangu yalikuwa machache: nimchukue shuleni saa kumi na nusu, mimi mwenyewe, na mezani kuwekwe chakula tu. Kwenye kituo cha basi alimkumbatia mtoto sana na mimi kiasi.

Nilimwambia Juzi kwamba kuanzia wiki hiyo natoka saa kumi. Akaniletea ng'ombe wake tena. Nikamwambia nundu yangu ninaibeba, hiyo nyingine aitafutie mwenyewe. Alinuna, akasema tutaona. Tukaona. Wiki iliyofuata vitabu vilitoka mashineni, nakala elfu sita, na juu ya kila jalada, kwa herufi nene za bluu, kulikuwa na maandishi: *SOMA UELEMEWE*. Chini ya prufu ya jalada, siku ya Alhamisi, kulikuwa na SAWA yangu.

Nilidhani nimefukuzwa. Juzi alilisoma jalada hilo mara mbili. Halafu akasema, “Angalau umesema kweli,” na mchana huohuo akampigia Bi Koma.

Bi Koma alirudi kwa siku tatu za wiki, kwa masharti yake, la kwanza likiwa kwamba saa kumi ikigonga anafunga kitabu hata kama ni katikati ya sentensi. Tulirudi kusoma kwa sauti. Siku ya kwanza alisoma hadithi ya sungura na kisima, mbovu kabisa, nami nikasahau kufuata kwa sababu nilitaka kujua sungura atafanyaje. “Koma!” akasema Bi Koma, na kweli hapo palikuwa na koma, ila nadhani safari hiyo alinikusudia mimi.

Taya liliacha kuuma mwezi wa pili. Jicho lilichukua muda zaidi. Nilijifunza kusuka nywele, vibaya. Nilijua majina ya walimu wote wa binti yangu na ugomvi wake na rafiki yake, na nilishangaa ni mambo mangapi yalikuwa yakitokea nyumbani kwangu nikiwepo. Kila wiki ya pili tulipanda basi, mwendo wa saa saba kwenda na saa saba kurudi. Mke wangu alikuwa na wakunga kumi na wawili chini yake, na alinenepa kidogo, na alipendeza. Sikumwambia arudi. Sikuona kama nina haki, na niliogopa lile swali la Jumatatu.

Mwezi wa kumi ilikuja barua. Simu anayo, na tunaongea kila siku, kwa hiyo nilijua mara moja kwamba ameandika kwa makusudi. Ilikuwa nyuma ya fomu ya uzito wa watoto. Juu kabisa, pembeni, alikuwa ameandika: *Usitie kalamu.*

Nikamwita binti yangu, nikamwomba asome kwa sauti, pamoja na vituo, nami nikakaa kando yake nikifuata kwa kidole.

“Mume wangu koma,” akasoma. “Mwaka wangu wa kwanza unakwisha nukta. Hospitali ya nyumbani wananipa nafasi ya ukuu wa wodi koma hapa nao wananitaka nimalize wa pili nukta. Safari hii nimeshajua mimi nataka nini koma sikuambii nukta. Nirudi nisirudi alama ya kuuliza. Jibu kwa mdomo nukta. Mimi mkeo.”

“Rudia mstari wa swali,” nikamwambia.

“Nirudi nisirudi alama ya kuuliza.”

Yalikuwa maneno mawili. Niliyasikia yote mawili, nikaweka kidole juu ya kila moja, na moyo ulinidunda mpaka mtoto akauliza kama naumwa. Ilikuwa Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Nilitazama saa ya ukutani nikaelewa kwamba hata siku ya kufika barua hiyo alikuwa ameipigia hesabu.

Nikapiga simu ya wodi. Alipokea muuguzi nisiyemjua. Akasema mkuu yuko ndani na mama anayejifungua, inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, je, niache ujumbe?

“Hapana,” nikamwambia. “Nitasubiri.”